Kusudi la Maisha Baada ya Barua ya Kustaafu

Swali la maana ya maisha limezoeleka kuulizwa vijana, nao huelekezwa kulijibu kwa kuchagua masomo, kazi na mwenzi wa ndoa, kana kwamba mtu akishapata vitu hivyo vitatu swali lenyewe limekwisha na halina haki ya kumrudia. Hata hivyo, swali hilo huja kwa ukali zaidi baadaye, mtu anapotimiza miaka 60 na mwajiri wake akamwandikia barua ya kumshukuru kwa utumishi uliotukuka na kumtaka akabidhi ofisi. Mazungumzo haya yanahusu kipindi hicho, na hoja yake ni moja: kwamba kusudi la maisha hukaa katika kuhitajiwa na watu wengine, kwa jambo maalumu na kwa saa maalumu, na kwamba jamii inayomvua mzee wajibu wake kwa nia njema ya kumpumzisha humvua pamoja nao sababu ya kuamka asubuhi.

Ni vyema kutenganisha istilahi mbili ambazo katika mazungumzo ya kila siku hutumika kama kitu kimoja. Maana ya maisha, kwa matumizi ya hapa, ni mtu kuona kwamba siku alizoishi zinashikamana na zina uzito, iwe mbele ya Mungu, mbele ya watoto wake au mbele ya watu aliowatumikia. Kusudi ni jambo lililo mbele yake, ambalo bado halijatimia na ambalo linamwamulia leo afanye nini. Tofauti hii ina uzito wake kwa mstaafu, kwa kuwa muuguzi aliyezalisha wanawake kwa miaka 35 katika kituo cha afya cha wilaya hana upungufu wowote wa maana. Nusu ya vijana wa mji wake walipitia mikononi mwake. Anachokosa siku ya Jumatatu baada ya sherehe ya kuagwa ni kusudi, na sifa anazomiminiwa kuhusu miaka iliyopita, hata zikiwa za kweli, hazimpi jibu la nini kinamngoja saa mbili asubuhi.

Kustaafu kwenyewe ni jambo changa katika historia ya binadamu. Sheria inayotajwa kuwa chanzo cha pensheni za kitaifa ilipitishwa Ujerumani mwaka 1889, enzi za Kansela Otto von Bismarck, nayo iliweka umri wa miaka 70, ambao ulishushwa hadi 65 mwaka 1916. Kabla ya utaratibu huo, na katika sehemu kubwa ya Afrika hadi leo kwa wasio na ajira rasmi, mkulima, mvuvi au mhunzi hakuacha kazi kwa tarehe, bali alipunguza mzigo kadiri nguvu zilivyopungua, akawaachia vijana jembe na kasia, akabaki na yale yanayohitaji jicho na kumbukumbu. Tanzania mtumishi wa umma huruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na hulazimika kustaafu akifika 60, isipokuwa makundi machache kama maprofesa na madaktari bingwa walioongezewa hadi 65, na Kenya umri wa lazima ulipandishwa kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009. Mtu aliyefika umri huo akiwa na afya anaweza kuishi miaka kumi na mitano au ishirini zaidi, ambao ni muda wa kutosha kumlea mtoto tangu anazaliwa hadi anamaliza sekondari, na hakuna haki yoyote katika kuuita muda mrefu kiasi hicho mapumziko.

Fedha hazipuuzwi hapa. Mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya hesabu inayoamua ni sehemu gani ya mafao italipwa kwa mkupuo na ni ipi italipwa kidogo kidogo kila mwezi, uliwaumiza vichwa watumishi wa Tanzania tangu mwaka 2018, wakati mifuko minne ya pensheni ya watumishi ilipounganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, na haukutulia kiwango cha mkupuo kilipowekwa asilimia 33 mwaka 2022, wala haukwisha kabisa kilipopandishwa mwaka 2024 hadi asilimia 40 kwa kundi moja la wastaafu na 35 kwa kundi jingine. Mtu asiye na uhakika wa unga na dawa ya presha hawezi kuambiwa habari za kusudi akaona anaheshimiwa. Lakini kwa kuwa fedha zimezungumzwa sana, imejengeka imani kwamba zikitosha mengine yatajipanga, na imani hiyo inastahili kupimwa kwa ushahidi.

Ushahidi ulio wazi kuliko mwingine, ingawa ulihusu watu waliopoteza kazi na si wastaafu, ulipatikana katika kijiji kimoja cha Austria, Marienthal, kilichoko kusini mashariki mwa Vienna. Kijiji hicho kilizaliwa na kiwanda cha nguo kilichoanza mwaka 1830, na kiwanda kilipofungwa kati ya mwaka 1929 na 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, familia nyingi zilibaki bila mshahara kwa wakati mmoja. Mwishoni mwa mwaka 1931 watafiti vijana kutoka Vienna, wakiongozwa na Paul Lazarsfeld, Marie Jahoda na Hans Zeisel, walikwenda huko kuchunguza maisha ya watu wasio na kazi, na ili wasionekane wapelelezi walihakikisha kila mmoja wao anafanya jambo la manufaa kwa wanakijiji: walikusanya na kugawa nguo, wakapanga matibabu, wakafundisha ushonaji na mazoezi ya viungo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1933, mwaka ambao waandishi wenye asili ya Kiyahudi hawakuwa salama kuweka majina yao juu ya jalada nchini Ujerumani, na kitabu kikatoka bila majina hayo.

Walichokikuta kinapingana na matarajio ya wengi. Wanakijiji hawa walikuwa watu wa kusoma, wa siasa na wa vyama, na mtu angedhani kwamba sasa, wakiwa na saa zote za mchana mikononi mwao, wangesoma zaidi na kukutana zaidi. Maktaba ya wafanyakazi ilifuta ada ili kuwasaidia, na bado idadi ya vitabu vilivyoazimwa ilishuka kwa karibu nusu kati ya mwaka 1929 na 1931. Usajili wa gazeti la chama ulianguka ingawa bei ilipunguzwa kwa wasio na kazi. Bustani ya kijiji, ambayo zamani ilikuwa na majani yaliyokatwa na vijia safi na ambayo familia zilitembea humo siku za Jumapili, ilimezwa na magugu, ingawa kila mwanamume kijijini hapo alikuwa na muda na mikono ya kuing'olea. Watafiti walisimama dirishani na saa, wakapima mwendo wa watu katika barabara kuu, wakaona kwamba wanaume walitembea polepole na kusimama mara kwa mara bila sababu, na wengi wao walikuwa wameacha hata kuvaa saa. Walipoombwa waandike jinsi walivyotumia siku, wanaume wengi walikumbuka kuwaamsha watoto kwenda shule na kula chakula cha mchana, lakini saa zilizokuwa katikati hawakuweza kuzieleza.

Wanawake wa kijiji hichohicho walitembea kwa kasi zaidi. Nao walikuwa wamepoteza mshahara, wengi wao wakiwa wamefanya kazi kiwandani kama waume zao, ila mtoto aliyetakiwa kufika shuleni akiwa msafi, chungu cha viazi kilichotakiwa kuwa tayari mchana na soksi iliyotakiwa kutiwa kiraka kwa mara ya nne havikufungwa pamoja na kiwanda. Siku zao zilibaki na saa kwa sababu kulikuwa na watu waliowangoja. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba wengi wa wanawake hao walitamani kiwanda kifunguliwe tena, japokuwa kingewarudishia uchovu wa kazi mbili, na fedha haikuwa sababu yao pekee. Walitaka kutoka, kuwa miongoni mwa wenzao, na kushiriki katika jambo kubwa kuliko jiko.

Kuna kipengele kingine cha Marienthal ambacho kwa kawaida hutajwa kwa haraka, nacho kinaumiza. Sheria ya posho ya wasio na kazi ilimnyang'anya posho yeyote aliyeonekana akifanya shughuli ya kipato, hata ndogo, na wapo walioripotiwa na kukatiwa posho kwa kusaidia kukata miti ili wapate kuni, au kwa kupiga kinanda cha mdomo barabarani. Yaani dola iliwalisha watu kwa sharti kwamba wasiwe na faida kwa mtu yeyote. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyoandika sharti kama hilo kwa wastaafu wake, lakini liko sharti lisiloandikwa ambalo familia nyingi hulitekeleza kwa upendo mkubwa: mzee akitaka kushika fagio ananyang'anywa, akitaka kwenda sokoni anaambiwa aketi, akitoa maoni juu ya ada za wajukuu anajibiwa kwamba mambo hayo yameshapangwa. Kila neno katika maneno hayo ni la heshima, na jumla yake ni kumweleza mtu kwamba nyumba inakwenda vizuri bila yeye.

Marie Jahoda, ambaye serikali ya Austria ilimfunga mwaka 1936 kwa shughuli zake za kisiasa na kisha akahamia Uingereza, alirudi kwenye suala hili miongo kadhaa baadaye na kueleza kwamba ajira hutoa mambo matano mbali na mshahara. Inampangia mtu muda. Inamkutanisha na watu walio nje ya familia yake. Inamshirikisha katika lengo ambalo hawezi kulifikia peke yake. Inampa hadhi, yaani nafasi inayotambulika katika jamii. Na inamlazimisha afanye jambo hata siku ambayo hana hamu. Mambo haya hayaonekani katika hati ya mshahara, na kwa hiyo hayamo katika hesabu za kikokotoo. Siku ya makabidhiano mstaafu husaini orodha ya alivyorudisha: funguo za kabati na droo, mhuri, rejista, kompyuta na namba yake ya usajili, majalada yaliyokamilika na yale yaliyo njiani. Lakini hakuna mstari katika orodha hiyo unaoonyesha kwamba amerudisha pia watu thelathini waliokuwa wakimsalimia kwa cheo chake, pamoja na ile haki ya kuulizwa, kwa sababu kuanzia kesho yake jambo alilolijua kuliko wote litaamuliwa na wengine, na hata wakikosea hawatampigia simu.

Jambo la tano katika orodha ya Jahoda, lile la kulazimishwa, ndilo ambalo watu hulidharau zaidi, na huenda ndilo lenye nguvu kuliko yote. Wengi humaliza utumishi wakiwa na ndoto ya kufanya wanachokipenda pale wanapopenda, na wachache wenye wito uliokwisha kuota mizizi huifikia. Kwa walio wengi, kazi isiyo na mtu wa kulalamika isipofanyika hufa ndani ya miezi michache, kwa kuwa utashi wa binadamu peke yake hauna nguvu ya kubeba siku 365. Hili lilieleweka mapema na dini kuliko na elimu ya saikolojia. Muumini anayeamini kwamba aliumbwa ili amwabudu Mungu amekwisha kupata jibu la maana, na jibu hilo halipingwi hapa. Lakini inafaa kuona jinsi dini zenyewe zilivyokataa kuiachia ibada hamu ya mtu binafsi. Sala tano zina nyakati zake, jamaa ya msikitini humwona asiyekuwepo alfajiri, jumuiya ndogondogo za Kikristo hukutana kwa zamu nyumba kwa nyumba na huuliza habari za aliyekosekana. Mzee aliyekabidhiwa kuadhini, kufungua kanisa au kutunza daftari la michango ya mazishi ana saa na ana wanaomngoja, na si ajabu kwamba wazee wa aina hiyo huonekana wameshikilia maisha kwa mikono miwili.

Sayansi ya afya imejaribu kupima jambo hili kwa njia zake. Katika eneo la Ohsaki nchini Japani, watafiti waliwauliza watu 43,391 wenye umri wa miaka 40 hadi 79 iwapo wanaona wana jambo la kuishi kwa ajili yake, wakawafuatilia kwa miaka saba kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na wale waliojibu hawana walikufa kwa wingi zaidi katika kipindi hicho, hasa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu, hata baada ya hali yao ya afya ya mwanzo kuzingatiwa katika hesabu. Utafiti wa namna hii hauthibitishi sababu, kwa kuwa maradhi yanayonyemelea yanaweza kumwondolea mtu hamu ya kuishi kabla ya daktari kuyaona. Jaribio la Ellen Langer na Judith Rodin, lililofanywa katika nyumba ya wazee huko Marekani na kuchapishwa mwaka 1976, lilikaribia zaidi suala la sababu: wazee wa ghorofa moja walipewa maamuzi madogo ya kufanya na mche wa kutunza wenyewe, wa ghorofa nyingine wakapewa mche uleule ila wakaambiwa wauguzi wataumwagilia, na baada ya muda kundi la kwanza lilionekana kuchangamka zaidi. Habari iliyoenea sana, kwamba kundi hilo lilipata pia vifo vichache mno, ilitokana na hesabu ambayo watafiti wenyewe waliisahihisha baadaye na ikawa dhaifu kuliko ilivyotangazwa; wanaolinukuu jaribio hilo majukwaani wangefanya vyema kuisema na sehemu hiyo.

Hata bila maabara, jamii za Afrika Mashariki zilikuwa na nyadhifa ambazo kijana hakuweza kuzipata kwa namna yoyote ila kwa kuzeeka. Katika pwani ya Kenya, wazee wa Mijikenda wanaounda baraza liitwalo kambi ndio waliokabidhiwa misitu ya kaya, ambayo ni masalio ya makazi ya kale yaliyozungukwa na miti, yaliyotapakaa katika ukanda wa karibu kilomita 200 na kuandikishwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mzee wa kaya hakupewa wadhifa wa kumfurahisha. Yeye ndiye aliyejua mti gani haukatwi, njia ipi haipitwi na kiatu, na tambiko lipi linadaiwa mvua ikichelewa, na bila yeye msitu ungekuwa kuni na mkaa. Mahali ambapo wazee hao walipuuzwa, msitu ulikatwa. Katika miji ya Waswahili somo, yaani mwanamke mzima anayemfunda mwari, na mshenga, anayepeleka posa na kubeba lawama mambo yakiharibika, walikuwa na kazi yenye matokeo. Watu husema penye wazee haliharibiki neno, na usemi huo ni wa kweli kwa sharti kwamba neno lenyewe linapelekwa mbele yao kabla halijaharibika.

Hapa lazima isemwe kwamba wanawake wengi wazee wa ukanda huu wana tatizo la upande wa pili. Bibi aliyebaki na wajukuu yatima watano baada ya miaka mibaya ya UKIMWI hakuwahi kukosa kusudi hata siku moja. Alikosa nguvu, fedha na usingizi. Kuhitajiwa kupita uwezo ni mateso, na hoja ya mazungumzo haya isitumike kuhalalisha kumtwika mama mzee watoto ambao wazazi wao wako mjini na wana mishahara.

Mfano unaoonyesha namna jambo hili linavyoweza kupangwa leo, kwa gharama ndogo na kwa faida ya pande zote mbili, unatoka Zimbabwe. Nchi hiyo ilikuwa na madaktari wa magonjwa ya akili wasiofika ishirini kwa mamilioni ya watu, na mmoja wao, Dixon Chibanda, alipatwa na pigo la kumpoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua huku familia yake ikishindwa kumfikisha hospitali kwa kukosa nauli ya basi. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, aliomba msaada wa kuanzisha huduma ya ushauri, akaambiwa hakuna wauguzi wa ziada wala chumba. Kilichokuwepo ni wanawake kumi na wanne wa makamo na wazee waliokuwa wakifanya kazi ya afya ya jamii, na eneo wazi nje ya zahanati. Ndipo likawekwa benchi la mbao chini ya mti.

Mpango ulipoanza, daktari aliliita benchi la afya ya akili, na akina bibi wakamwambia kwamba hakuna mtu atakayekubali kuonekana amekaa juu ya kitu chenye jina hilo. Wao ndio waliosababisha liitwe benchi la urafiki. Vilevile walisisitiza kuzungumza na wagonjwa kwa maneno ya Kishona yanayotumika nyumbani, hasa neno linalotaja hali ya mtu kuwaza kupita kiasi, kuliko kutumia majina ya kitabibu. Utaratibu wao ni mwepisi kuueleza na mgumu kuutenda: mgonjwa anaulizwa maswali kumi na manne yaliyotungwa kwa lugha hiyo, anaeleza matatizo yake yote, anachagua moja la kuanzia, na pamoja na bibi wanatafuta hatua moja inayowezekana kabla ya kukutana tena, kwa vikao kama sita. Mwaka 2016 matokeo ya jaribio lililofanyika katika zahanati 24 za Harare, likiwa na washiriki 573, yalichapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani, na yalionyesha kwamba baada ya miezi sita takribani asilimia 14 ya waliopitia benchi walikuwa bado na dalili za sonona, yaani huzuni ya maradhi isiyotoka, wakati katika kundi lililopata huduma ya kawaida dalili hizo zilibaki kwa karibu asilimia 50. Mpango umefika nchi nyingine, Zanzibar ikiwa miongoni mwa mahali ulipojaribiwa.

Chibanda amekuwa akieleza kwamba akina bibi wenyewe hunufaika na kazi hiyo, na ukiitazama kwa orodha ya Jahoda hakuna cha kushangaza. Bibi ana siku na saa. Anakutana na wageni. Yumo katika jambo kubwa kuliko nyumba yake. Anajulikana zahanati nzima kwa alifanyalo. Na mgonjwa aliyeahidiwa Alhamisi atafika Alhamisi, bibi awe na hamu au asiwe nayo. Zaidi ya hayo, kinachotumika hapo ni kitu ambacho uzee umekiongeza. Kijana mwenye shahada angeweza kukariri maswali yote kumi na manne, lakini hangeweza kukaa na mwanamke aliyefukuzwa na mumewe kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuzika, kufukuzwa, kudaiwa na kusamehe.

Semina za wastaafu watarajiwa zinazofanyika Tanzania hufundisha ufugaji wa kuku, hatifungani za serikali, lishe na jinsi ya kuwakwepa matapeli wanaonusa kiinua mgongo kabla hakijaingia benki. Mafunzo hayo yana haja, hasa lile la matapeli, kwa kuwa wapo waliopoteza jasho la maisha yao ndani ya wiki moja. Lakini banda la kuku mia tano humpa mtu mapato au hasara, na kuku hamngoji mtu kwa namna ambayo mwanafunzi au mgonjwa humngoja. Ni jambo la kusikitisha kwamba kiongozi mkubwa akistaafu huendelea kuitwa, kama Mwalimu Julius Nyerere alivyoongoza Tume ya Nchi za Kusini baada ya kuacha urais mwaka 1985 na kuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi hadi kifo chake mwaka 1999, ilhali fundi mitambo, karani wa mahakama au mwalimu wa hesabu wa sekondari ya kata, ambaye ujuzi wake unahitajika umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwake, hakuna anayemwita.

Mwandishi Shaaban Robert alikuwa karani. Tangu mwaka 1926 hadi karibu na kifo chake mwaka 1962 alitumika katika idara za serikali ya kikoloni, kuanzia forodha na mifugo hadi ofisi ya wilaya ya Tanga na idara ya upimaji, na vitabu ambavyo Kiswahili kinavitegemea hadi leo alivitunga nje ya saa za kazi hiyo. Maisha yake yanafundisha jambo moja lenye manufaa kwa mtumishi aliyebakiza miaka kumi au kumi na mitano: kazi ya pili, ile ambayo hakuna barua inayoweza kuikatisha, huanzishwa wakati ile ya kwanza bado inalipa. Si lazima iwe ya kalamu. Mtu anayefundisha kwaya, anayewatibu mbuzi wa majirani au anayesimamia hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa akiwa na miaka 48 anajenga mahali ambapo atangojwa akiwa na 63, na wanaomzunguka hawatalazimika kumbunia shughuli.

Kwa wasiokuwa na bahati hiyo, wajibu unahamia kwa taasisi zilizo jirani nao. Baraza la ardhi la kata, ambalo kwa sheria huwa na wajumbe kati ya wanne na wanane, wakiwemo wanawake wasiopungua watatu, na ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kuhukumu, ni mahali panapomfaa mtu aliyeona mipaka ya mashamba kabla ya nyumba kujengwa juu yake. Zahanati zina foleni za akina mama wanaohitaji mtu wa kuwasikiliza kabla ya kumfikia daktari. Shule za kata zina madarasa ya hesabu na fizikia yenye walimu pungufu, na katika kata hizohizo kuna wahandisi na walimu waliostaafu wanaopitisha mchana kwenye kijiwe cha bao. Sharti la mpango kama huo kufanikiwa ni kwamba nafasi iwe ya kweli: mstaafu alipwe walau nauli, jina lake liandikwe katika ratiba ya shule pamoja na kipindi chake, mkuu wa shule awe na mamlaka ya kumkosoa akifundisha vibaya, na siku asipofika apigiwe simu aulizwe kulikoni.